Mama, Mkwewe na Diski Isiyoonekana

Ukiacha shikamoo ya mbali na marahaba ya dirishani, mama yangu na mume wangu hawajawahi kusemezana. Yote wanayotaka kuambiana yanapitia kwangu. Mama akitaka kujua kama mkwewe ameshiba, ananiuliza mimi, na yule mkwe yuko upande wa pili wa mlango anasikia kila kitu. Mume wangu akitaka kusema ameshiba, ananiambia mimi, na Mama yuko jikoni anasikia. Nami narudia maneno kama mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja. Nimeifanya kazi hii tangu nilipoolewa na sijawahi kupewa hata likizo.

Wapo wakwe siku hizi wanaokula meza moja na kupigana picha za simu, na Mama akiwaona hasemi kitu. Lakini yeye alilelewa na bibi yake huko Mkalama, na alichofundishwa hakukiacha. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na hawaitani majina. Mume wangu anaitwa Nathan. Mama hajawahi kulitamka jina hilo. Kabla hatujazaa alikuwa "yule mtu wako". Tulipompata binti yetu Lea, mume wangu akawa Baba Lea, na mambo yakawa rahisi kidogo. Lea alipokua akanisaidia kubeba hayo maneno, lakini sasa yuko shule ya bweni na mzigo umenirudia wote.

Sitaki kudanganya. Mimi niliamini kwamba heshima ilikuwa nusu tu ya jambo, na nusu nyingine ni kwamba Mama hakumkubali Nathan. Siku walipokuja kunichumbia, wazee waliuliza kijana anafanya kazi gani. Wakaambiwa anafungua kompyuta pale Singida Mjini. Mama, aliyekuwa chumba cha ndani, akamtuma shangazi aulize: "Na kuzifunga anajua?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Nathan naye alicheka, lakini swali lile hajalisahau. Mpaka leo akimaliza kufunga mashine ya mteja anajisemea, "Na kufunga tunajua."

Mama anaitwa Emiliana, na kompyuta si kitu kigeni kwake. Alikuwa mpiga chapa ofisini Kiomboi tangu enzi za taipureta, zile za kugonga mpaka vidole vinavimba. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wa rika lake waliziogopa, yeye akabaki ofisini kila jioni akijifunza mpaka akawaacha vijana nyuma. Mimi nilipomaliza shule alinifundisha kuchapa kwa kunifunika mikono kwa kanga ili nisione herufi. Nikitazama chini, alinigonga kwa rula. Alisema mpiga chapa anajua herufi kwa kidole, na jicho lake linakaa kwenye karatasi ya mteja.

Alipostaafu, Baba alimjengea fremu ya duka pale Shelui, kando ya lami, karibu na malori yanapolala. Wakafungua steshenari. Mama anatoa kopi, anachapa barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, kadi za michango ya harusi, mitihani ya shule. Baba alipofariki, mdogo wake, Baba mdogo Anselm, alisema fremu ile imejengwa kwenye kiwanja cha ukoo. Yeye ni mtu wa vitunguu, na fremu ya barabarani ambapo lori linaegesha mlangoni ni kitu alichokiota miaka mingi. Kikao cha ukoo kikaamua kwamba Mama abaki nayo maadamu ofisi inafanya kazi. Siku ofisi ikifungwa, fremu inarudi kwa Baba mdogo. Tangu hapo haipiti wiki bila yeye kuja "kumsalimia shemeji", na akisalimia macho yako kwenye mashine.

Sasa Ijumaa moja umeme ulikatika wakati kompyuta ya Mama ikijisasisha. Ni laptop, lakini betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Umeme uliporudi mashine haikuamka. Kioo kikawa cha bluu, kikaleta maneno, kikazima, kikaanza upya, kikaleta maneno yaleyale. Mama akanipigia simu.

"Mwambie Baba Lea mashine imegoma."

Nathan alikuwa amekaa pembeni yangu, anakula. Nikamwambia. Akasema mwambie asiiguse. Nikamwambia Mama asiiguse. Mama akasema, "Mwambie Jumatatu asubuhi mwalimu wa sekondari analeta mitihani ya majaribio ya shule nzima. Nikimkosa anavuka barabara kwa yule mwenye steshenari mpya, na akivuka hatarudi." Halafu akashusha sauti. "Na Anselm ameshasikia. Amekuja na futi, amepima ukuta."

Hilo la futi lilinipandisha hasira mpaka kesho yake asubuhi tulipopanda basi.

Tulipofika Shelui, Nathan alisimama uani akasema, "Shikamoo, Mama." Kutoka jikoni ikaja, "Marahaba." Basi, huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo yao. Nathan akaingia kwenye fremu na begi lake la vifaa, Mama akabaki nyumba ya nyuma, na ua uliokuwa katikati ukawa wangu.

"Nitapiga window mpya, mchana tumemaliza," Nathan aliniambia. "Kazi zake nitazihamisha kwanza."

Akaitoa diski, kitu chembamba kisichozidi kipande cha bigijii, akaiweka kwenye kikasha chake akaichomeka kwenye kompyuta yake. Kazi zote za Mama zilikuwepo. Alizinakili bila kufungua faili hata moja, na aliniita nishuhudie kwamba hajafungua. Akairudisha diski mahali pake, akachomeka flashi, akawasha. Ile programu ya kupiga window ikaamka vizuri, ikauliza lugha, ikauliza kibodi, ikafika mahali pa kuchagua diski ya kuiweka. Orodha ilikuwa tupu. Chini yake imeandikwa kwamba hakuna diski iliyopatikana.

Nathan akacheka. Mafundi ndivyo walivyo, mara ya kwanza wanacheka. Akazima, akawasha. Tupu. Akahamisha flashi tundu la pili. Tupu. Akaitengeneza flashi upya kutoka kwenye kompyuta yake, tukasubiri, akaanza tena lugha, tena kibodi, akafika palepale. Tupu. Akafungua mashine tena, akasugua meno ya diski kwa kifutio cha penseli, akaikandamiza vizuri, akafunga. Tupu.

Sauti ya Mama ikavuka ua. "Yunisi! Anasemaje?"

Nikatoka. "Anasema mashine haioni diski."

"Mwambie diski ipo. Mimi nimeifanyia kazi mpaka jana."

"Anajua ipo, Mama. Ameishika mkononi."

"Sasa kama yeye ameiona, mashine inashindwaje?"

Nikarudi kwenye fremu. Kabla sijafungua mdomo Nathan akasema, "Nimesikia. Mwambie hata mimi nauliza hilohilo."

Nikatoka tena nikamwambia Mama, ambaye naye bila shaka alikuwa amesikia. Jua lilikuwa kali, kandambili zangu zilikuwa zimejaa vumbi la ua ule, na nilianza kuwachukia wote wawili kwa usawa.

Mchana Nathan akaja na wazo la draiva. Alisema huenda ile programu ya flashi haina draiva ya kuongea na diski, kwa hiyo tuitafute mtandaoni tuiongezee. Mtandao siku ile ulikuwa wa kunyonya kwa mrija. Alisimamisha simu dirishani, akaipandisha juu ya kabati la karatasi, akanituma nikasimame nayo kando ya barabara malori yakinipigia honi. Faili likashuka, likakatika, likashuka tena. Alipolipata akaliweka kwenye flashi, akaanza tena lugha, tena kibodi. Mashine ikasema hakuna draiva inayofaa. Akatafuta ya pili. Haifai. Ya tatu ikakubali kuingia, na orodha ikabaki tupu vilevile.

Hapo ndipo alipotukana. Halikuwa tusi kubwa, lakini lilikuwa tusi, na fremu ina dirisha la upande wa uani. Akajishika mdomo. "Mungu wangu, amesikia?"

"Amesikia."

"Niombee radhi."

Nikavuka ua. "Mama, Baba Lea anaomba radhi."

"Kwa lipi?" akasema Mama, uso mkavu, huku akikatakata nyanya. "Mwambie sijasikia kitu."

Alikuwa amemchinjia kuku. Kwetu mkwe akija hali dagaa. Nilimpelekea Nathan ugali wa uwele na kuku yule kwenye fremu, akala peke yake akiwa anaitazama ile orodha tupu, na sidhani kama alijua anatafuna nini. Mimi na Mama tulikula jikoni. Nilipoona jioni inakaribia nikatoa wazo ambalo niliona lina akili.

"Mama, Baba Lea anaweza kukuachia kompyuta yake. Chapa mitihani hiyo, yetu tutaichukua baadaye."

Mama akaacha kula. "Kompyuta ya mkwe wangu nitaikalia vipi?"

"Huikalii, Mama. Unaichapia."

"Ni vilevile."

"Lakini yeye ameishika yako tangu asubuhi!"

"Yeye anatengeneza. Mkwe akija kuezeka paa la ukweni, si anapanda juu ya paa? Lakini mimi sipandi juu ya paa lake." Akaendelea kula. Mimi njaa ikaniisha.

Jua lilipokuwa linashuka Nathan aliniita. Alikuwa ametulia, na kwa jinsi nilivyomjua hiyo ilikuwa dalili nzuri. Alisema amesoma kwenye mtandao kuhusu mashine za aina ile. Kuna mpangilio wa ndani kabisa, unaoamka kabla ya window, na humo kuna kitu kinachoiweka diski nyuma ya pazia. Window iliyokuja na mashine ya Mama ilijua kulifunua pazia hilo, ya kwenye flashi haijui. Kikizimwa, diski itaonekana. Tatizo ni kwamba mlango wa kuingilia kwenye mipangilio hiyo ulikuwa na neno la siri.

"Ni dakika moja tu," alisema. "Muulize Mama neno."

Nilivuka ua karibu nikiimba. Niliona nimeshafika nyumbani Singida, nimeshaoga, nimeshalala.

"Mama, Baba Lea amelipata tatizo. Anataka neno la siri, lile la mwanzo kabisa."

Mama alikuwa anafunika moto majivu. Mkono ukasimama. "Hakuna njia nyingine?"

"Anasema hakuna."

"Mwambie atafute."

"Mama! Mtu ametafuta tangu asubuhi. Umelisahau?"

"Sijalisahau. Ni lilelile ninaloandika kila asubuhi nikifungua window."

"Basi niambie."

"Silisemi."

"Niandikie kwenye karatasi."

"Siandiki."

"Ninong'oneze mimi sikioni, mtoto wako wa kuzaa."

"Utampelekea."

"Sasa si ndiyo kazi yenyewe!" Nilipiga kelele, naomba Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mama yangu. "Unataka Baba mdogo ajaze vitunguu humo? Au humwamini Baba Lea? Sema basi, kama humwamini, tujue tumekuja kufanya nini!"

Mama akamaliza kufunika moto. Halafu akasema, "Kachote maji ya kuoga mgeni."

Nilimwambia Nathan kwamba Mama hataki. Hakuuliza kwa nini. Akaanza kukusanya bisibisi zake moja moja, na uso aliokuwa nao nilikuwa nimewahi kuuona mara moja tu, siku ile ya uchumba watu walipokuwa wakicheka. "Haya," akasema. "Ni mashine yake." Aliponiambia hivyo nilitamani kurudi jikoni nikavunje chungu.

Usiku ule alilala kwenye fremu, sakafuni, juu ya maboksi ya karatasi, maana nyumba ya Mama ina chumba kimoja cha kulala. Nami nililala na Mama tukiwa tumegeuziana mgongo.

Jumapili Mama alikwenda kanisani. Nathan akatumia nafasi hiyo kujaribu njia za mafundi. Akatoa kile kibetri cha ndani kama sarafu, akaiacha mashine bila uhai wowote ili isahau neno lake la siri. Mashine hizi za siku hizi hazisahau. Akairudishia, akawasha, ikadai neno lilelile. Akasema kilichobaki ni kuipeleka mjini kwa mwenzake mwenye vifaa vya kufuta neno kwenye ubao wenyewe, na hiyo ni kazi ya katikati ya wiki.

Katikati ya wiki mitihani ingekuwa ng'ambo ya barabara.

Mama alirudi kutoka kanisani na nyuma yake akatokea Baba mdogo Anselm, suti ya Jumapili, futi mfukoni. Hakuwa peke yake. Alikuja na mnunuzi wa vitunguu, mtu mnene mwenye kofia, na alikuwa anamwonyesha fremu kana kwamba ufunguo uko mfukoni mwake. "Lori linaingia kinyumenyume mpaka hapa," alikuwa akisema. "Magunia yanapangwa mpaka juu." Akachungulia ndani, akaona mashine iko wazi tumbo nje, skrubu zimetapakaa mezani, na Nathan ameshika kichwa.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya msibani, "pole sana. Imekufa, sivyo?"

Mama alikuwa amesimama uani na Biblia yake mkononi. Alinigeukia mimi.

"Yunisi, mwambie Baba Lea aifunge mashine, aiwashe, halafu atoke nje. Naingia mwenyewe."

Nathan alisikia, na alifanya hivyo bila mimi kurudia. Aliifunga haraka, akaifikisha mlangoni mwa ile mipangilio, akatoka kwa mlango wa barabarani. Mama akaingia kwa mlango wa uani. Nikafunga ubao wa dirisha katikati yao. Nathan akasimama nje chini ya dirisha, Baba mdogo na mgeni wake wakaketi kwenye benchi la wateja kusubiri tufeli, na mimi nikasimama ndani, sikio moja kwenye ubao.

"Muulize Baba Lea," Mama akasema, "nikiliandika, kuna mahali litaonekana humo ndani?"

"Mwambie haliwezi kuonekana," sauti ya Nathan ikapita kwenye ubao. "Ni vidoa tu."

"Mama, ni vidoa tu."

"Geukia ukutani."

Nikageukia ukutani, mtu mzima na akili zangu. Nikasikia vidole vyake vikipita haraka, kisha mlio.

"Imekataa," Mama akasema.

"Mwambie ana mara tatu tu," Nathan akasema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Zikiisha inajifunga, na hapo hata mjini sijui."

Nikasema. Mama akaliandika tena, polepole zaidi. Mlio. Nilisikia anavuta pumzi. Huko nje Baba mdogo akakohoa kikohozi cha mtu aliyeridhika.

"Asiguse!" Nathan akapiga ubao. "Mwambie asiguse kitu. Mimi jana niliandika herufi kubwa nikitengeneza flashi... hapana, ni kwenye yangu hiyo. Subiri. Yunisi, tazama kibodi. Kuna kitaa kidogo cha herufi kubwa upande wa kushoto. Kinawaka?"

Nikageuka. Sikuwa na namna ya kutazama kibodi bila kugeuka. Kitaa kilikuwa kinawaka. Labda ni Nathan alikigusa wakati anafunga, labda ni mimi nilipokuwa nafuta vumbi. Nikanyoosha mkono nikakizima.

"Kilikuwa kinawaka. Nimezima."

"Sasa aandike."

Mama hakuniambia tena nigeuke. Nadhani alinisahau. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, mikono imetulia juu ya kibodi kama alivyonifundisha, na vidole vikaanza. Kidole cha shahada cha kulia kikashuka safu ya chini. Kidole kidogo cha kushoto kikabonyeza pale pale kilipokaa. Shahada ya kushoto ikapanda juu. Shahada ya kulia ikasogea ndani. Kidole kidogo tena. Kisha shahada ya kulia ikashuka tena pale ilipoanzia. Kioo kilikuwa kinaonyesha vidoa, lakini mimi nilifundishwa herufi chini ya kanga, na vidole vile nilivisoma kama ninavyosoma bango la barabarani.

Lilikuwa jina la mume wangu.

Mashine ikafunguka. Mama akageuza uso, akakuta namtazama. Alijua palepale. Sijawahi kumwona mama yangu akiona haya, lakini siku ile alishusha macho kama binti.

"Fundi aliyeniuzia," akasema kwa kunong'ona, ili ubao wa dirisha usisikie, "aliniambia niweke neno ambalo halitanitoka mdomoni mbele ya mtu yeyote, hata kwa bahati mbaya. Na liwe neno ambalo sitalisahau." Akapangusa kibodi kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Mimi ninalo moja tu la namna hiyo."

Kila asubuhi, basi. Kila asubuhi tangu anunue mashine ile, kabla hajamwandikia mtu barua wala ratiba ya mazishi, aliandika kwanza jina la yule mtu niliyedhani hampendi. Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa mabega. Siku mbili! Kuku, honi za malori, sakafu ya maboksi, uso wa mume wangu akikusanya bisibisi, kwa ajili ya jina ambalo mimi mwenyewe ningeweza kulichapa nikiwa nimefumba macho!

"Vipi?" Nathan akauliza nje. "Imekubali?"

"Imekubali," nikasema.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kawaida, ya kuudhi na ya polepole. Nathan alisema, nikasema, Mama akashuka na mishale. Si hapo, chini zaidi. Mahali pa hifadhi. Kuna herufi tatu, V, M na D, ndilo pazia lenyewe. Imeandikwa imewashwa? Izime. Inauliza una uhakika? Kubali. Hifadhi, toka. Mashine ikajizima, ikaamka na flashi, ikauliza lugha, ikauliza kibodi. Halafu ile orodha. Na ndani ya orodha, mstari mmoja.

"Mwambie Baba Lea," Mama akasema, "diski ipo."

Nathan alikuwa ameshasikia. Alipiga yowe pale barabarani mpaka utingo wa lori akauliza kulikoni. Mama akatoka kwa mlango wa uani, Nathan akaingia kwa mlango wa barabarani akamalizia. Baba mdogo alikaa kidogo kwa ajili ya adabu. Kisha akamwambia mgeni wake kwamba kuna fremu nyingine karibu na mizani, wakaondoka. Alasiri mashine ilikuwa inaprinti karatasi ya majaribio, kazi zote za Mama zimerudi mahali pake, na Nathan alipokaza skrubu ya mwisho hakusema lile neno lake la kufunga. Akafunga begi tu.

Tulipanda basi la jioni. Mama alitusindikiza kwa mbali, akasimama nyuma ya benchi la wateja mpaka basi likaondoka.

Nathan alikaa na begi la vifaa magotini. Tulipoanza kupanda mlima Sekenke akasema, "Ninafurahi mitihani atachapa. Kweli ninafurahi." Akatazama nje. "Lakini Yunisi, miaka yote hii. Mtu umeoa kwao, umezaa kwao, unalala sakafuni kwa ajili ya mashine yake, na hawezi kukuamini na neno moja tu."

Nilikuwa nalo mdomoni. Maneno yote yao nimeyabeba, ya maana na ya upuuzi, ya nyanya na ya tusi, sijawahi kubakiza hata moja. Hili halikuwa langu. Mama alikuwa radhi fremu ijae vitunguu kuliko limtoke mdomoni na limfikie mkwewe.

"Anakuamini," nikamwambia.

"Amekwambia hivyo?"

"Hajasema," nikamjibu. "Na hatasema."

Akacheka kwa uchungu, akaegemeza kichwa kwenye kioo cha basi, akafumba macho. Nami nikakaa na jina lake mdomoni mpaka Singida.